Albamu Ilinikosha, Onesho Likanichosha: Je, Nifute Sifa Zangu?

Swali: Huwa ninawaandikia wenzangu maoni kila wasanii wa karibu yetu wanapoachia kazi mpya au wanapopanda jukwaani. Hivi karibuni msanii ninayempenda aliachia albamu, na usiku uleule nikaandika kwamba ndiyo kazi bora ya mwaka. Wiki chache baadaye nikaenda kwenye onesho lake katika ukumbi mdogo uliojaa watu, nikasimama nyuma kabisa karibu na ukuta, na nikatoka nimevunjika moyo: maneno hayakusikika, besi ilikuwa ikivuma tu, na vile viitikio nilivyovipenda vilikuwa vimepungukiwa na kitu. Ulionisisimua ni wimbo mmoja tu, ule wa taratibu aliouimba akisindikizwa na gitaa peke yake. Sasa wenzangu wananicheka kwamba kwangu kila kitu ni moto. Je, nifute sifa zile? Na nifanyeje ili maoni yangu yawe na shauku lakini bado yaaminike?

Jibu: Usifute chochote, ndugu yangu. Ulichokisikia kwenye albamu kilikuwepo, na ulichokikosa ukumbini kweli hakikuwepo, na maoni hayo mawili yanaweza kukaa pamoja bila kugombana kwa sababu albamu na onesho ni kazi mbili zinazopita katika mikono tofauti, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni moja. Wenzako nao, wanapokucheka, sidhani kama wanaicheka shauku yako. Mtu asiye na shauku hana sababu ya kuandika habari za muziki, na sifa kali kabisa huwa haimchoshi msomaji ikiwa imemwonesha mahali pa kutega sikio. Inayomchosha ni sifa isiyo na anwani, ile inayotangaza kwamba wimbo ni moto bila kusema moto wenyewe unawaka dakika ya ngapi na umewashwa na nani.

Nianze na usiku ule wa kwanza. Tarehe 10 Julai 2015 kampuni za muziki katika nchi zaidi ya 40 zilianza kuachia kazi mpya kwa siku moja, yaani Ijumaa, ilhali awali Uingereza ilikuwa ikitumia Jumatatu na Marekani Jumanne. Utaratibu huo umewafanya mashabiki wa nchi nyingi wasikilize kitu kilekile kwa wakati mmoja, na pamoja na raha yake umechochea mashindano ya nani atakuwa wa kwanza kutoa hukumu. Hukumu ya usiku wa kwanza ina udhaifu unaojulikana. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha utafiti ulioonesha kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu walichokutana nacho mara kwa mara, hata kama ni neno au alama isiyo na maana yoyote kwao. Katika muziki mwelekeo huo una kikomo, maana kila mmoja wetu anao wimbo alioupenda, ukapigwa kila mahali, mpaka akaukinai. Lakini maana yake kwako ni kwamba usiku wa kwanza unaandika sikio likiwa bado safarini. Wimbo mwepesi hujitoa wote mara moja. Wimbo wenye tabaka nyingi hukupa kidogo leo na kidogo wiki ijayo, na pengine ndio utakaobaki nao.

Hilo halikuzuii kuandika usiku uleule. Yapo mengi unayoweza kuyasema kwa uhakika baada ya kusikiliza mara moja kwa makini: sauti ya mwimbaji imewekwa mbele ya ala au imezamishwa ndani yake, gitaa la besi linaongoza au linafuata, wimbo wa kwanza unafungua mlango gani, na ni wapi ulijikuta unarudisha nyuma ili usikie tena. Usichoweza kukisema ni kwamba kazi hiyo inazizidi zote za mwaka, kwa kuwa hapo unakipima kitu ulichokaa nacho saa moja dhidi ya vitu ulivyokaa navyo miezi. Usiku huo sema imekukamata, tena sema imekushika wapi, na neno "bora" liache lisubiri.

Zipo pia njia mbili ambazo rekodi mpya humteka msikilizaji kabla hajajua kinachoendelea, na mtoa maoni anapaswa kuzifahamu. Ya kwanza nitaipita haraka. Jukwaa kubwa la kusikilizia muziki mtandaoni kama Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa pale msikilizaji anapofikisha sekunde 30, na ndiyo sababu mojawapo ya nyimbo nyingi za siku hizi kuingia na kiitikio au sauti ya mwimbaji papo hapo, bila ule utangulizi mrefu wa ala. Hakuna ubaya katika hilo, ila usiuhukumu wimbo kwa mlango wake. Wasanii wengi huweka nguvu zote mwanzoni, na ubeti wa pili ndio utakaokuambia kama walikuwa na kitu cha ziada.

Njia ya pili ni ukubwa wa sauti, na hapa wengi hudanganyika. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote, yaani sauti nzito hadi nyembamba, kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi hupotea kwanza, na kadiri sauti inavyoongezwa ndivyo besi inavyojitokeza na muziki kuonekana umejaa. Ukichukua wimbo mmoja, ukatengeneza nakala mbili na kuipandisha moja kidogo tu, wasikilizaji wengi watakuambia kwamba ile iliyopandishwa imerekodiwa vizuri zaidi, wala hawatasema kwamba ina sauti kubwa. Kwa miongo kadhaa mafundi wa studio walishindana kuzipandisha rekodi zao kwa sababu hiyohiyo. Majukwaa ya kusikilizia sasa yamepunguza mashindano hayo kwa kuzisawazisha nyimbo zote karibu na kiwango kimoja, ambacho kwa Spotify ni desibeli -14 katika kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LUFS, lakini ukilinganisha albamu mpya uliyoipakua na ya zamani unayoisikiliza kwingine, usawazishaji huo haukusaidii. Kwa hiyo, kabla hujaandika kwamba msanii amepiga hatua tangu albamu iliyotangulia, zisawazishe mbili hizo kwa mkono wako mpaka sauti ya mwimbaji ikufikie kwa ukubwa uleule, kisha sikiliza upya. Mara nyingine hatua yenyewe inabaki palepale. Mara nyingine inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa unasikia mambo madogo yaliyokuwa yamefunikwa na vishindo.

Turudi kwenye viitikio vyako vilivyopungukiwa na kitu. Kilichopungua, kwa uwezekano mkubwa, ni mwimbaji mwenyewe, lakini akiwa katika nakala nyingi. Studio humruhusu mtu mmoja kurekodi mstari uleule mara nne au nane, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha zikapangwa kulia, kushoto na katikati mpaka kiitikio kikawa kama kwaya. Jambo hili si la leo. Mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio za EMI kule London, alibuni njia ya kuirudufu sauti kwa mashine za kanda ili waimbaji wa The Beatles wasilazimike kurudia kuimba kila mstari, na bendi hiyo ikaitumia katika albamu yao ya Revolver, iliyotoka Agosti ya mwaka huo. Mwezi huohuo walianza ziara ya Marekani, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwao, na hawakupiga wimbo hata mmoja kutoka katika albamu hiyo. Nyimbo zenyewe zilikuwa zimejengwa kwa vitu ambavyo watu wanne wenye magitaa na drams wasingeweza kuvibeba hadi jukwaani, tena mbele ya mashabiki waliokuwa wakipiga kelele kuliko mitambo. Bendi iliyokuwa maarufu kuliko zote duniani ilikabiliwa na tatizo unalolisimulia katika swali lako, nayo ikaamua kuzitenga kazi hizo mbili kabisa.

Sasa tuingie ukumbini. Katika barua yako kuna jambo uliloliandika kwa kupita tu ambalo kwangu linafungua habari yote: wimbo uliokusisimua ni ule uliopigwa kwa gitaa peke yake. Ukumbi ulikuwa uleule, mitambo ileile, mwimbaji yuleyule, na wewe, bila shaka, ulikuwa umesimama palepale. Kilichoondoka ni drams na gitaa la besi, na mara vilipoondoka, sauti ya mwimbaji ikakufikia. Kwa hiyo sauti ilikuwepo usiku mzima. Ilikuwa imefunikwa.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda katika ukumbi mdogo. Drams zikipigwa kwa nguvu hupita desibeli 100 kwa mtu aliye karibu, bila hata kuwekewa kipaza sauti. Katika uwanja mkubwa fundi mitambo anaweza kuziongeza au kuzipunguza apendavyo, kwa sababu hadhira inazisikia kupitia spika. Katika ukumbi mdogo zinasikika zenyewe, na hakuna kitufe kwenye meza yake ya kuchanganyia sauti kinachoweza kuzishusha. Hivyo drams ndizo zinazoweka sakafu ya usiku ule, na kila kitu kingine hakina budi kupandishwa juu yake. Fundi anapandisha gitaa, kisha kinanda, kisha anafika kwenye sauti ya mwimbaji, na hapo anagota, kwa kuwa kipaza sauti cha mwimbaji kikifunguliwa kupita kiasi huanza kunasa sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha tena humohumo, na mluzi ule unaowafanya watu wazibe masikio hutokea. Analazimika kuishusha tena. Matokeo yake ni kwamba sauti inayopaswa kuwa mbele ya zote ndiyo inayobaki nyuma, na aliye nyuma ya ukumbi huona midomo ikicheza bila kupata neno.

Kisha kuna ukumbi wenyewe. Katika miaka ya 1890 Wallace Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa kazi ya kuchunguza ukumbi mpya wa mihadhara ambamo wasikilizaji hawakuwa wanaambulia maneno ya mhadhiri. Aligundua kwamba sauti ilikuwa ikizunguka humo kwa zaidi ya sekunde 5 kabla ya kufifia, hivyo kila neno lilikuwa likikanyagwa na lililotangulia. Alichofanya ni kubeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, usiku baada ya usiku, akayapanga humo na kupima jinsi mwangwi ulivyopungua kila yalipoongezwa, na vipimo hivyo ndivyo vilivyozaa hesabu zinazotumiwa na wasanifu wa kumbi hadi leo. Miili ya watu na nguo zao hufanya kazi kama matakia yale, ila kwa upendeleo: humeza masafa ya juu na ya kati, mahali panapokaa herufi na maneno, na kuiacha besi ikiendelea kuzunguka. Fundi mitambo aliyepima sauti alasiri ukumbi ukiwa mtupu amepima ukumbi mwingine kabisa. Mwenye uzoefu huacha nafasi kwa ajili ya hilo, na huutumia wimbo wa kwanza na wa pili kurekebisha. Ndiyo maana mimi siandiki neno lolote kuhusu ubora wa sauti kabla ya wimbo wa tatu.

Mahali uliposimama nako kuna kesi ya kujibu. Noti ya besi yenye masafa ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi la namna hiyo likigonga ukuta hurudi na kukutana na jingine linalokuja, na karibu na ukuta, hasa kwenye pembe, nguvu zake hujumlishana. Uliposimama palikuwa ghala la besi. Mtu aliyekuwa mita chache mbele yako huenda alisikia besi ya kawaida, au hata pungufu, kwa sababu kuna sehemu mawimbi hayo hufutana. Mahali ninapopendekeza kwa anayetaka kuandika ni jirani na meza ya fundi mitambo, au mbele yake kidogo, kwani anachokisikia pale ndicho anachokitengeneza. Ikiwa meza imewekwa pembeni au imebanwa ukutani, jambo ambalo ni la kawaida katika kumbi ndogo na ni la kusikitisha, simama katikati ya ukumbi, theluthi mbili hivi kutoka jukwaani. Na katikati ya onesho tembea. Sikiliza wimbo mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma. Ikiwa kasoro inakufuata kila uendako ni ya wanamuziki au ya mitambo, na ikiwa inabaki ulikoiacha ni ya ukumbi.

Zipo dalili nyingine za kukusaidia kujua lawama ni ya nani. Sikiliza mwimbaji anapozungumza kati ya wimbo na wimbo: maneno yake yakisikika wazi wakati wa salamu kisha yakapotea muziki ukianza, ukumbi hauna kosa kubwa, bali ala zimemzidi. Mwimbaji akianza wimbo nje ya noti kisha akajirekebisha baada ya mistari michache, hasa ukimwona akiziba sikio moja kwa kidole au akimwashiria fundi kwa mkono apandishe, jua hajisikii katika zile spika za jukwaani zinazomwelekea; hilo ni tatizo la mitambo, na mwimbaji mzuri kabisa anaweza kukumbwa nalo. Akianza vizuri na kushuka mwishoni mwa kila mstari, hapo pumzi haitoshi, na hilo ni lake mwenyewe. Ikiwa bendi zilizotangulia usiku huo zilivuma vilevile, usimbebeshe msanii wako mzigo wa wote.

Hata hivyo sitaki umwachie msanii aondoke bila swali. Ukumbi mdogo haukumshukia kutoka mbinguni, alijua anakwenda wapi. Mpiga drams mwenye busara hupunguza nguvu, hubadilisha vijiti, huyaacha matoazi yapumzike wakati wa ubeti. Mpangaji mwenye busara hujua kwamba kiitikio kilichojengwa kwa sauti nane hakiwezi kusimama kwa sauti moja, akakipangia njia nyingine: anawafundisha wapiga gitaa kuitikia, anakigawia kinanda mstari wa pili, anakishusha kiwe mnong'ono, au anawaachia watazamaji wakiimbe. Nionavyo mimi, kipimo kikubwa cha msanii wa jukwaani ni kama ameutunga wimbo wake upya kwa ajili ya jukwaa, na ile nakala ya gitaa peke yake inaonesha kwamba msanii wako anaweza, ila usiku ule alifanya hivyo mara moja tu. Hiyo ni hoja ya kuandikwa, na ina uzito kuliko kusema onesho lilipooza.

Kuhusu pleibeki, maana najua itafuata, nasema kwa ufupi. Kupiga kutoka kwenye kompyuta sehemu za vinanda au za waitikiaji ambao bendi haiwezi kuwalipa ni jambo la kawaida na halinikeri. Sauti ya kwanza ikitoka kwenye rekodi huku mwimbaji akichezesha midomo ni habari nyingine, na mnunuzi wa tiketi ana haki ya kuijua. Ila andika ulichokiona, kwa mfano kwamba kipaza sauti kilikuwa mbali na mdomo na sauti haikubadilika, au kwamba aliruka na kuzunguka jukwaa zima na pumzi yake haikusikika hata mara moja. Shutuma bila ushahidi ni sifa isiyo na anwani iliyogeuzwa ndani nje.

Yalinde pia masikio yako, kwa afya na kwa kazi. Shirika la Afya Duniani, katika viwango lilivyovitoa mwaka 2022 kwa ajili ya kumbi na matamasha, limependekeza wastani wa sauti usipite desibeli 100 katika kila dakika 15. Kwa hesabu zinazotumiwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ambazo huanzia desibeli 85 kwa saa 8 na kupunguza muda kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 3, mtu hapaswi kukaa kwenye desibeli 100 zaidi ya dakika 15 kwa siku. Sikio lililopigwa na sauti kali kwa muda mrefu hupoteza wepesi wake kwa saa kadhaa, na kinachopungua zaidi ni masafa ya juu. Ukiona nyimbo za mwisho zimekosa mng'ao, huenda zilikuwa sawa na aliyechoka ni wewe. Vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa karibu usawa, vitakufaa kuliko vile vya sponji, ambavyo humeza zaidi masafa ya juu na kuufanya muziki usikike kama uko chumba cha pili.

Nimalizie na uandishi wenyewe, kwa kuwa ndiko wenzako walikokubana. Mwezi Desemba 1808, mjini Vienna, mtunzi Beethoven alitoa kwa mara ya kwanza simfoni yake ya tano, kazi ndefu ya okestra, katika tamasha lililochukua takriban saa nne ndani ya ukumbi wenye baridi, wanamuziki wakiwa hawajafanya mazoezi ya kutosha, kiasi kwamba kipande kimoja cha usiku huo kilivurugika katikati na ikabidi kianzwe upya. Aliyeihukumu kazi hiyo kwa usiku ule peke yake angekuwa na mengi ya kulalamikia. Mwaka 1810 E.T.A. Hoffmann, aliyekuwa mwandishi na pia mtunzi wa muziki, akiwa na noti zilizochapishwa mkononi, aliandika uhakiki wa simfoni hiyo wenye shauku isiyofichika hata kidogo, shauku ya mtu aliyepigwa na butwaa. Lakini anaipitia kazi sehemu baada ya sehemu, akinukuu vifungu vya noti na kuonesha jinsi mawazo mafupi mwanzoni yanavyorudi na kukua. Maneno yake makubwa kuliko yote yanasimama juu ya mambo ambayo msomaji angeweza kuyathibitisha mwenyewe, na uhakiki ule unasomwa mpaka leo.

Wewe huhitaji kunukuu noti. Unahitaji tu kumshika msomaji mkono. Linganisha kauli hizi mbili kuhusu wimbo wa kubuni. Ya kwanza: "Wimbo wa tatu ni hatari, umenipagawisha, hakuna kama huu." Ya pili: "Katika wimbo wa tatu, baada ya kiitikio cha pili, besi inanyamaza ghafla na mwimbaji anabaki na makofi tu; unasubiri irudi, hairudi, ubeti mzima unapita, na inaporudi imepanda noti moja juu ya pale ulipoizoea. Nimeusikiliza mara nyingi na mahali hapo bado pananipagawisha." Kauli ya pili ina shauku kuliko ya kwanza, na aliyeisoma anaweza kwenda kusikiliza, akakubaliana nawe au akabishana nawe kwa hoja. Atakayebishana amekuamini tayari, kwa maana amekwenda pale ulipomwelekeza.

Jambo la mwisho katika uandishi ni uhusiano wako na wasanii hao. Wa karibu yetu ni watu tunaokutana nao, pengine uliingia bila tiketi, pengine mpiga kinanda ni jamaa yako. Liseme katika sentensi moja mwanzoni, kisha endelea. Na umpime msanii kwa alipokuwa onesho lililopita, kwani kumlinganisha na bendi zenye malori ya mitambo hakumsaidii yeye wala msomaji.

Kwa hiyo acha maoni yako ya usiku wa kwanza yabaki na tarehe yake, kisha uandike ya pili na kuyaweka kando ya yale, yenye mambo matatu: ni nyimbo zipi za albamu bado zinakushika baada ya wiki hizi, onesho lilisikikaje kutoka mahali uliposimama, huku ukitaja wazi kwamba ulikuwa nyuma ukutani, na kwa nini wimbo wa gitaa peke yake uliweza kile ambacho nyingine zilishindwa. Akipanda jukwaani tena, hasa ikiwa ni ukumbi tofauti, nenda, na onesho likiisha msogelee fundi mitambo anapokunja nyaya. Ni watu ambao hawaulizwi kitu, na wengi wao hufurahi wakiulizwa. Muulize mitambo ni ya ukumbi au ya bendi, bendi ilipewa muda gani wa kupima sauti kabla ya watu kuingia, na ni nani aliyeamua drams zipigwe kwa nguvu ile. Majibu yake yatakuambia lawama utakayoiandika uipeleke kwa msanii, kwa mwenye ukumbi, au uigawe kati yao.